Umehifadhi lakini tovuti haijabadilika: jinsi ya kujua mabadiliko yamekwama wapi

Mtu akiniambia "nimehifadhi lakini hakuna kilichobadilika," swali langu la kwanza huwa ni hili: umehifadhi wapi? Simtegi. Katika kazi ya kuhariri themu, yaani mandhari inayoipa tovuti sura yake, neno "hifadhi" limebebeshwa kazi nyingi, na kitufe chenyewe hakisemi ni kazi ipi kimefanya. Mabadiliko yako yanaweza kuwa kwenye kivinjari tu, ukifunga kichupo yameondoka. Yanaweza kuwa rasimu ndani ya hifadhidata: wewe unaiona, wageni hawaioni. Yanaweza kuwa yamechapishwa kwenye hifadhidata. Au yameandikwa kwenye faili za themu zilizoko kwenye seva. Sehemu hizi nne zikipingana, moja humshinda mwenzake kimya kimya, na anayeumia ni aliyekesha akirekebisha.

Mifano mingi hapa ni ya WordPress, mfumo wa kujenga na kuendesha tovuti, kwa sababu ndiyo ninayoifanyia kazi, lakini swali la "wapi" linafaa kwenye mfumo wowote. Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala rudufu ya vitu viwili: hifadhidata, na folda ya wp-content inayobeba themu, plagini (programu ndogo za nyongeza) na picha zako. Ukichukua faili peke yake umeacha nusu ya mwonekano nyuma. Utaona sababu mbele kidogo.

Dalili: wewe unayaona mabadiliko, wageni hawayaoni

Fungua dirisha la faragha la kivinjari, usiingie kwenye akaunti, kisha tembelea ukurasa. Ukikuta sura mpya, tatizo ni kivinjari chako cha kawaida kinachoshikilia nakala ya zamani. Kisafishe na uendelee na shughuli zako. Ukikuta sura ya zamani, basi ama kazi yako bado ni rasimu, ama kuna kashe kwenye seva, yaani nakala za kurasa zilizotunzwa ili zitoke haraka.

Anza na rasimu. Ndani ya Customizer, yaani paneli ya WordPress ya kurekebisha mwonekano, tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, mabadiliko hukusanywa kwanza kwenye fungu moja kabla ya kuchapishwa. Toleo la 4.9 la mwaka 2017 likaongeza uwezo wa kuliacha fungu hilo kama rasimu, au kulipangia tarehe ya kuchapishwa. Pembeni ya kitufe cha kuchapisha kuna alama ndogo ya gia. Hapo ndipo hali huchaguliwa. Kama wewe au mwenzako mlishawahi kuchagua rasimu, kitufe kinakubali, kinathibitisha kwamba kimehifadhi, na kinasema kweli. Kimehifadhi rasimu. Bonyeza gia, chagua kuchapisha, bonyeza tena.

Kwenye Shopify, mfumo wa maduka ya mtandaoni, mtego ni tofauti kidogo. Duka linaweza kuwa na themu kadhaa, ila moja tu ndiyo iliyochapishwa. Ukihariri nakala ambayo haijachapishwa, itahifadhi vizuri kabisa na mteja hataona kitu. Soma jina la themu lililo juu ya kihariri kabla hujaanza kulaumu kashe.

Na kama ni kashe, mpangilio wa kuisafisha una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Safisha kutoka ndani kwenda nje: kwanza plagini ya kashe, kisha kashe ya seva, kisha mtandao wa usambazaji (CDN, seva za mbali zinazowapa wageni nakala za kurasa zako) kama unautumia, mwisho kivinjari. Ukianza na mtandao huo wa nje, wenyewe utarudi kuchota ukurasa uleule wa zamani kutoka ndani na kuuweka tena, nawe utaapa kwamba umeshasafisha. Pia kuna plagini zinazounganisha faili zote za CSS, yaani msimbo wa mitindo, kuwa moja na kuipunguza. Hiyo faili iliyounganishwa ina kitufe chake cha kuitengeneza upya, na kusafisha kurasa peke yake hakuigusi kila mara.

Dalili: umehariri faili ya themu, tovuti inajifanya haijaiona

Hili ndilo linalowatesa watu wazoefu kuliko wanaoanza, kwa sababu mzoefu ana hakika kwamba faili ndiyo bosi. Ilikuwa hivyo. Kwenye themu za bloku, yaani zinazojengwa kwa vipande viitwavyo bloku, ambazo kihariri chake cha tovuti nzima kiliingia rasmi katika WordPress 5.9 mwezi Januari 2022, hifadhidata ndiyo bosi.

Inavyokwenda ni hivi. Themu inakuja na violezo vyake kama faili: cha ukurasa wa mwanzo, cha makala, kichwa, kijachini. Siku unapofungua kimojawapo ndani ya kihariri na kuhifadhi, hata kama umebadilisha neno moja tu, WordPress inaandika nakala ya kiolezo kizima kwenye hifadhidata. Kuanzia hapo, faili ya kiolezo hicho haisomwi tena. Unaweza kuihariri, kuifuta maudhui yote, kupakia themu upya. Nakala ya hifadhidata ndiyo inayoonyeshwa. Hata aliyetengeneza themu akitoa toleo jipya lenye kichwa kilichorekebishwa, wewe hutakiona.

Ufumbuzi: nenda kwenye orodha ya violezo ndani ya kihariri, tafuta vile vilivyobadilishwa, na utumie amri ya kurudisha kiolezo kwenye hali ya asili. Lakini nakuomba, kabla ya kufanya hivyo fungua mwonekano wa msimbo, nakili kila kitu na ukiweke pembeni. Amri hiyo inafuta kazi yako ya kihariri, na mara nyingi mtu hugundua baada ya siku mbili kwamba kulikuwa na kitu humo alichokihitaji.

Sasa linakuja jambo linalochanganya zaidi. Mitindo, yaani rangi, fonti na nafasi zinazotoka kwenye faili ya theme.json, haifuati kanuni hiyo ya violezo. Kiolezo hubadilishwa chote kwa pamoja. Mitindo huunganishwa thamani kwa thamani. Kwanza zinasomwa thamani za WordPress yenyewe, juu yake za themu, juu yake zile ulizochagua wewe kwenye kihariri. Kwa hiyo ukihariri theme.json ukabadilisha rangi ya vichwa na ukubwa wa fonti, na hapo nyuma ulishawahi kuchagua rangi ya vichwa ndani ya kihariri, fonti itabadilika na rangi itagoma. Mtu anaona nusu ya kazi imefanya kazi na anadhani kuna hitilafu kwenye faili. Faili ni nzima. Futa lile chaguo moja la rangi kwenye kihariri, na thamani ya faili itajitokeza. Kuanzia toleo la 6.3 la mwaka 2023 kihariri kina historia ya mitindo, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua badala ya kufuta yote.

Kama unatengeneza themu mwenyewe na theme.json inachelewa kuonekana hata pale ambapo hakuna chaguo la mtumiaji, weka WP_DEVELOPMENT_MODE kuwa 'theme' kwenye wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress, wakati wa ujenzi. WordPress huacha kushikilia nakala ya muda ya faili hiyo.

Jambo dogo hapohapo: kihariri cha tovuti kinapohifadhi, huonyesha orodha ya vitu vitakavyohifadhiwa, kila kimoja na kisanduku chake. Isome. Ukiondoa tiki, hicho hakihifadhiwi. Ukiacha tiki kwenye sehemu inayotumika kurasa zote, umeibadilisha kote, hata kama ulidhani unahariri ukurasa mmoja.

Dalili: yalikuwepo, yametoweka

Uliza kilichofanyika muda mfupi kabla ya kutoweka. Jibu karibu kila mara liko hapo.

Kama themu ilisasishwa, na ulikuwa umehariri faili zake moja kwa moja, zimeandikwa upya. Hazirudi ila kwa nakala rudufu. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa themu mtoto, yaani themu ndogo inayoiegemea ile ya asili, themu mama: faili zako hukaa kwenye folda yake, na sasisho la themu mama haliigusi.

Lakini themu mtoto nayo huleta mshtuko wake. Unaiwasha kwa mara ya kwanza, na rangi, nembo na CSS ya ziada vyote havipo. Tulia, havijafutwa. Mipangilio mingi ya Customizer huhifadhiwa kwenye hifadhidata chini ya jina theme_mods_ likifuatiwa na jina la folda ya themu. Ukibadilisha themu, folda imebadilika, na WordPress inakwenda kusoma rekodi nyingine ambayo bado ni tupu. Rudi kwenye themu mama kwa muda na utakuta kila kitu kilivyokuwa. Hilo pia linaeleza kwa nini jina la tovuti hubaki wakati nembo ya themu za kawaida inaondoka: jina ni mali ya tovuti nzima, nembo imeandikwa chini ya themu. Na linaeleza balaa la mtu aliyebadilisha jina la folda ya themu ili "lipendeze". Kwa WordPress hiyo sasa ni themu nyingine.

Zipo plagini zinazotoa mipangilio ya Customizer kwenye faili moja. Itoe ukiwa kwenye themu mama, washa themu mtoto, iingize. Ni bora zaidi, bila shaka, kutengeneza themu mtoto siku ya kwanza kabla ya kuchagua hata rangi moja.

Kama hakuna sasisho wala themu mpya, angalia kama kuna watu wawili, au mtu mmoja mwenye vichupo viwili. Customizer ina kufuli tangu toleo la 4.9, inayoonya kwamba mwenzako yumo. Kurasa za mipangilio ambazo themu nyingi hujitengenezea zenyewe mara nyingi hazina kufuli, na nyingi huhifadhi mipangilio yote kwa mkupuo mmoja. Kichupo ulichofungua asubuhi kina thamani za asubuhi. Ukikirudia jioni ukabadilisha kitu kimoja na kuhifadhi, umeandika asubuhi nzima juu ya kazi ambayo mwenzako ameifanya mchana. Pakia ukurasa upya kabla ya kuhariri. Ni sekunde tatu.

Na kama sehemu ya juu ya mipangilio imehifadhiwa na ya chini imerudi ilivyokuwa, shuku max_input_vars. PHP, lugha inayoiendesha WordPress kwenye seva, hupokea viingizo 1000 tu kutoka kwenye fomu moja isipokuwa ikiambiwa vinginevyo. Vinavyozidi hutupwa, na ukurasa unakuambia umehifadhiwa. Onyo huandikwa kwenye kumbukumbu za makosa za seva, mahali ambapo wengi wetu hatuendi kutazama. Pandisha hadi 3000 na ujaribu tena.

Dalili: kuhifadhi kunakataa kabisa

Kihariri cha bloku hutoa ujumbe kwamba sasisho limeshindwa na jibu lililopokelewa si JSON halali. Ujumbe huo hausemi chanzo. Unasema tu kwamba kihariri kilitarajia jibu la aina moja kikapata jingine. Usipakie ukurasa upya bado. Nakili kazi yako kwanza kwenye faili ya maandishi.

Kisha fikiria kichupo kimekaa wazi kwa muda gani. Kila ombi la kuhifadhi hubeba tokeni ya usalama, na kwa kawaida tokeni ya WordPress haizidi saa 24. Ukiwa umelala na kichupo wazi, ingia upya kwenye kichupo kingine, kisha urudi.

Kama si hivyo, badilisha herufi moja isiyo na maana na uhifadhi. Ikikubali, ilhali CSS yako inakataliwa, basi kuna kitu ndani ya maandishi hayo ambacho ukuta wa usalama wa seva unakidhania shambulio. Jambo hili liliwahi kunipotezea karibu siku nzima: kipande cha mtindo kisichozidi mistari arobaini, nilichokisoma na kukisoma tena nikitafuta nukta-mkato iliyosahaulika. Mwishowe nilikigawa nusu kwa nusu, nikihifadhi kila nusu, mpaka nikabaki na mstari mmoja uliokuwa na anwani ya picha. Mstari ulikuwa sahihi. Ukuta wa kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti ndio ulioukataa, na walipoambiwa kanuni iliyohusika waliiondoa kwa tovuti ile. Ukifungua zana za msanidi kwenye kivinjari, sehemu ya mtandao, utaona namba 403, yaani ombi limekatazwa, kwenye ombi lililokataliwa. Wapelekee hiyo namba na saa ilipotokea, utapata msaada haraka kuliko ukisema "haihifadhi."

Dalili: themu haiingii

Ujumbe ukisema faili ya style.css haipo, karibu kila mara umepakia fungu kubwa ulilopakua, lenye maelezo, leseni na themu yenyewe ikiwa zipu nyingine ndani. Fungua fungu hilo kwenye kompyuta, toa zipu ya ndani, pakia hiyo.

Ujumbe ukisema kiungo ulichofuata kimeisha muda, usihangaike na kiungo. Faili ni kubwa kuliko seva inavyoruhusu. PHP peke yake huanza na megabaiti 2 kwa faili moja na 8 kwa ombi zima, ingawa kampuni nyingi huongeza. Pandisha upload_max_filesize na post_max_size pamoja; ukipandisha ya kwanza peke yake, ya pili itakuzuia palepale.

Dalili: umeingiza maudhui ya mfano, tovuti haifanani na picha uliyoonyeshwa

Hapa watu hukata tamaa mapema, na wengine hufuta kila kitu na kuanza upya mara tatu. Sababu ni kwamba hakuna faili moja inayobeba tovuti nzima. Faili ya XML, ile ya maudhui unayoiingiza, hubeba makala, kurasa, makundi na menyu. Haibebi wijeti, yaani vipande vya pembeni na vya chini ya kurasa. Haibebi mipangilio ya Customizer. Haibebi uamuzi wa ukurasa upi uwe wa mwanzo, ndiyo maana baada ya kuingiza unakuta orodha ya makala mahali ulipotarajia ukurasa wa kupendeza. Nenda kwenye mipangilio ya usomaji ukauchague mwenyewe. Menyu zinakuja, ila hazijapangiwa mahali pa kukaa, zipangie.

Picha pia hazimo ndani ya XML. Zilizomo ni anwani zake tu. Ukiweka tiki kwenye kisanduku cha kupakua viambatisho, seva yako inakwenda kuzichukua kwenye tovuti ya asili moja baada ya nyingine. Tovuti hiyo ikiwa imefungwa au inahitaji nenosiri, hutapata picha hata moja, na hakuna mpangilio wa upande wako utakaoliponya hilo.

Washa plagini zote zinazohitajika kabla ya kuingiza. Aina za maudhui ambazo plagini huzitengeneza hazitambuliki kama plagini imelala, na kiingizaji huziruka. Kikikatika katikati, kwa sababu ya ukomo wa muda wa seva, unaweza kukiendesha tena: makala zenye kichwa na tarehe ileile hurukwa. Vipengele vya menyu havirukwi, hujirudia. Futa menyu zilizoingia nusu kabla ya kurudia.

Ukitoa themu kutoka kihariri cha tovuti kama zipu, unapata violezo na mitindo pamoja na mabadiliko yako, jambo zuri. Lakini bloku ya menyu ndani ya kiolezo huishika menyu kwa namba yake ya utambulisho, na menyu yenyewe imebaki kwenye hifadhidata ya kule. Kwenye tovuti mpya namba hiyo haina kitu, au ina kitu kingine kabisa. Ichague menyu upya kwa mkono.

Dalili: umehamisha hifadhidata, maandishi yamefika, mwonekano umerudi kuwa wa kiwandani

Uliza kama kuna aliyefungua faili ya hifadhidata kwenye kihariri cha maandishi na kubadilisha anwani ya zamani kuwa mpya. WordPress huhifadhi mipangilio ya themu kama mfuatano mmoja mrefu, ambamo kila neno limetanguliwa na idadi ya herufi zake. Anwani http://zamani.test huandikwa s:18:"http://zamani.test". Ukibadilisha maneno pekee kuwa https://mpya.test, herufi sasa ni 17 na namba bado inasema 18. PHP ikifika hapo inashindwa kuusoma mfuatano wote, si anwani hiyo tu. WordPress inachukulia kwamba mipangilio haipo, na themu inarudi kwenye rangi zake za asili.

Rudisha nakala ya hifadhidata ambayo haijaguswa, kisha ubadilishe anwani kwa chombo kinachohesabu upya. WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, inayo amri ya search-replace. Iendeshe kwanza na --dry-run uone idadi ya sehemu zitakazoguswa kabla hazijaguswa.

Umejaribu yote na bado

Weka alama. Kwenye style.css andika maoni yenye neno lisilopatikana popote pengine. Kwenye CSS ya ziada andika maoni yenye neno jingine. Kwenye kiolezo weka aya ya neno la tatu. Hifadhi kila mahali, fungua dirisha la faragha, na mwishoni mwa anwani ongeza ?x=1, kwa kuwa kashe nyingi huuona huo kuwa ukurasa mpya. Kisha tazama chanzo cha ukurasa, ufungue na faili ya CSS inayotajwa humo, na utafute maneno matatu. Lile linaloonekana linakuonyesha tabaka linalosomwa. Lile linalokosekana linakuonyesha pa kuchimba.

Yasipoonekana hata moja, linganisha anwani iliyo juu ya kihariri na ile wanayoitembelea wageni, herufi kwa herufi. Nimekuta zaidi ya mara moja mtu mwenye subira kubwa akihariri nakala ya majaribio kwa siku kadhaa, na kila kitu alichokihifadhi kilikuwa kimehifadhiwa huko, salama kabisa.